Maswali na majibu: kupeleka andiko kwenye kongamano la elimu ya kompyuta

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha uandishi wa programu mwaka wa kwanza, wala si mtafiti. Nina cha kupeleka?

Marahaba. Unacho, ila chagua mlango, yaani kongamano linalokufaa. ICER, lililoanza 2005, ni la watafiti hasa: ukiingia bila swali la utafiti na mbinu inayolijibu, utatoka mapema. SIGCSE, linalofanyika tangu 1970, lina mkondo wa ripoti za uzoefu na zana, na humo mwalimu wa darasani yuko nyumbani. Tangu 1999 lina hata kikao cha walimu kuonyeshana mazoezi waliyobuni kwa wanafunzi wao. ITiCSE, lililoanza Barcelona mwaka 1996, hupokea pia mabango, yaani kazi iliyofupishwa kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Kama kazi yako bado mbichi, anza na bango; watu watasimama mbele yako wakuulize maswali ambayo hukuwahi kujiuliza.

Wahakiki wamelikataa andiko langu wakisema ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, "haionyeshi mchango". Kazi yangu ni kuhusu vitanzi, yaani amri za programu zinazojirudia. Nimeandika: "Tulitumia mbinu mpya ya kufundisha vitanzi. Wanafunzi waliipenda sana na walielewa zaidi." Kosa liko wapi?

Liko katika kila neno, samahani. Mpya kwa nani? Waliipenda kwa kipimo gani? Walielewa zaidi kuliko akina nani? Mhakiki ana maandiko kadhaa mezani, na ikisiri ndiyo anayoanza nayo. Hebu tuisuke upya, kwa namba za kubuni tu: "Wanafunzi 84 walitabiri matokeo ya kila kitanzi kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi. Katika jaribio la wiki ya sita, makosa ya kuzidisha au kupunguza mzunguko mmoja yalipungua ukilinganisha na kundi la mwaka uliotangulia. Makosa ya vitanzi ndani ya vitanzi hayakupungua."

Umeiona sentensi ya mwisho? Hiyo ndiyo inayomfanya mhakiki akuamini. Walimu wengi huficha kilichoshindikana, kumbe ndicho mwenzao wa chuo kingine anachokitafuta. Kisha eleza darasa lako: wanafunzi wangapi, lugha gani ya programu, wamewahi kuandika programu au hapana. Bila hayo msomaji hawezi kujua kama yaliyotokea kwako yatatokea kwake. Na soma waliokutangulia. Kazi ya wanafunzi kuandika programu wawili wawili imechunguzwa kwa miaka mingi. Ukiileta kama ugunduzi utachekwa kimyakimya.

Uhakiki ni wa kutojuana: mhakiki hatakiwi kujua mwandishi ni nani. Nimefuta jina langu ukurasa wa kwanza. Inatosha?

Haitoshi. Fungua sifa za faili ya PDF. Mara nyingi jina lako limekaa humo limetulia. Angalia picha za skrini: nembo ya chuo kwenye kona, au msimbo wa kozi juu ya dirisha. Kiungo cha hazina ya msimbo wako nacho kinataja akaunti yako. Shukrani ziondoe, utazirudisha ukikubaliwa. Na ule usemi "kama tulivyoonyesha katika kazi yetu ya awali" ugeuze uwe wa mtu wa tatu. Usiyafute marejeo ya kazi zako mwenyewe; yataje kama unavyotaja ya wengine.

Tarehe ya mwisho imeandikwa AoE. Ndiyo nini?

Ni kifupi cha "Anywhere on Earth": muda haujaisha mpaka siku hiyo iishe kila mahali duniani. Saa yake iko saa 12 nyuma ya UTC, saa ya rejea ya dunia, kwa hiyo saa 5:59 usiku ya AoE ni saa 5:59 asubuhi ya siku inayofuata kwa UTC. Lakini angalia pia kama ikisiri ina tarehe yake ya mapema. Kuna wanaokuja na andiko zima, safi, wakakuta mlango ulifungwa wiki iliyopita.

Nina alama za wanafunzi za miaka mitatu. Naweza kuzitumia?

Kaone kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi yako kwanza, si baada ya kuandika. Wewe ndiye unayewasahihishia, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kushindwa kukukatalia. Njia nzuri ni mwenzako kukusanya ridhaa, nawe usijue nani kakubali mpaka alama za mwisho za kozi zitoke.

Naruhusiwa kutumia akili unde kuandika?

ACM, chama kinachosimamia makongamano niliyoyataja, hakikubali programu hizo ziwe mwandishi, na kinataka useme ulikozitumia. Marejeo zinazokupa yakague moja moja. Nyingine huwa hazipo kabisa.

Naweza kupeleka andiko moja makongamano mawili, ili lisipopita huku lipite kule?

Hapana. Subiri jibu la kwanza. Likikataliwa, rekebisha kwanza yale ambayo wahakiki wawili au zaidi wameyasema, ndipo upeleke kwingine. Na kabla hujapeleka, hakikisha nauli na ada ya usajili zitapatikana, kwa sababu likikubaliwa angalau mwandishi mmoja lazima ajisajili.