Mrejelewa Asiyetegemeka: Usiiache Riziki Yako Mkononi mwa Mtu Mmoja

Mrejelewa ni yule unayemtaja unapoomba kazi, ili mwajiri ampigie kuuliza habari zako, na mara nyingi ni bosi wa zamani. Kati ya bosi wa zamani anayekusema vibaya na yule asiyepokea simu, afadhali wa kwanza. Anayekusema vibaya unaweza kumjibu. Asiyepokea simu hakuachii la kujibu. Mwajiri anapiga, simu inaita mpaka inakatika, anajaribu tena jioni, kisha anamgeukia mwombaji mwingine ambaye watu wake wamepatikana mara moja. Hakuna atakayekupigia kukueleza kwamba umekosa kazi kwa sababu hiyo. Utangoja tu, ukidhani mahojiano ndiyo yaliyokuponza.

Nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Nilianza kazi kama karani wa nyaraka katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa mjini, nikazunguka na bahasha yangu kama wengine wote, na siku hizi mimi ndiye ninayewapigia simu warejelewa wa vijana wanaoomba kazi kwetu. Wapo vijana hodari tunaowapoteza hapo hapo. Inaniuma, maana mara nyingi kosa si lao.

Mombasa ina sababu zake za kuwa hivi. Ajira zetu nyingi zimeshikamana na bandari na utalii, na vyote viwili vimepata misukosuko. Mwaka 2019 ilitoka amri kwamba makasha ya kwenda Nairobi na bara yapakiwe kwenye SGR, reli mpya ya kisasa. Kazi ya forodha ikahamia kule, na ofisi nyingi za mawakala hapa zikapunguza watu au zikafunga kabisa. Mwaka 2020 korona ikafunga hoteli pwani nzima. Septemba 2022 serikali mpya ilitangaza kuzirudisha huduma za bandari Mombasa, lakini ofisi iliyofungwa haifunguki kwa tangazo. Mameneja wake wako Nairobi, Dar es Salaam, Dubai, wengine wamestaafu na kurudi kwao. Hata bila misukosuko hiyo, hoteli zetu hupumzisha watu mvua za masika zinapoanza, na msimu ukirudi unakuta meneja ni mwingine. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi safi miaka mingi anaweza kujikuta hana bosi hata mmoja anayepatikana kwa simu.

Aina nyingine ya mrejelewa asiyetegemeka ni yule anayepatikana, lakini huna hakika na ulimi wake. Huyu nilikutana naye mwenyewe. Bosi wangu wa zamani aliniandikia barua nzuri ya kunipendekeza, yenye muhuri na sahihi. Nikaomba kazi katika ghala moja upande wa Miritini, mahojiano yakaenda vizuri, kisha kimya. Aliyenifungulia macho ni dada wa ofisi ya wafanyakazi pale, na mpaka leo namshukuru. Aliniambia, "Dada, yule mzee wako tulimpata. Hakukusema vibaya. Alisema tu hawezi kukuzungumzia sana."

Kwa anayesikiliza upande wa pili, maneno hayo ni mazito kuliko tusi. Ukisema mtu ni mchelewaji, nitapima kama uchelewaji ni jambo kubwa kwa kazi niliyo nayo. Ukisema huwezi kumzungumzia, nitajaza mwenyewe pale ulipoacha wazi, na nitajaza wizi.

Nilikwenda kumwona. Sikupiga simu, nilikwenda ofisini kwake asubuhi kabla kazi hazijamzidi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza, "Mzee, wakikupigia kuhusu mimi, utawaambia nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema lililokuwa moyoni: baada ya mimi kuondoka, wateja wake wawili waliondoka pia, naye aliamini nimewachukua. Sikuwachukua. Nilimweleza ninavyojua, naye hakuniamini lote, nami sikumlazimisha. Tulichokubaliana ni hiki: akipigiwa ataje nilianza lini, niliacha lini, nilikuwa nafanya kazi gani, na kwamba hesabu zangu hazikuwahi kupungua, jambo ambalo hata yeye hakulipinga. Zaidi ya hapo asiongeze wala asisite. Alilitimiza neno lake, na waliompigia baadaye walitosheka.

Angalia swali nililomuuliza. Wengi wetu huuliza, "Mzee, naweza kukuandika kama mrejelewa wangu?" Swali hilo halina faida sana kwetu. Mtu wa Pwani ana haya ya kukukatalia usoni. Atakwambia hamna shida, inshallah, niandike tu, na ndani yake ana donge. Hakudanganyi kwa ubaya, ni adabu tu tulivyolelewa. Ukimuuliza atasema nini, adabu hiyo hiyo inambana aseme kweli, kwa sababu sasa ni lazima atamke maneno. Akikupa habari maalumu, kwa mfano ulivyoshughulikia mizigo ya mteja fulani au ulivyosimamia zamu ya usiku, huyo ni wako. Akisema, "Ah, nitasema ulikuwa mzuri," akaishia hapo, mshukuru, kunywa chai yake, kisha tafuta mwingine.

Sasa sheria, maana hapa watu wanadhulumiwa bila kujua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoacha kazi, maadamu umefanya kazi kwake kuanzia wiki nne mfululizo. Cheti hicho kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, siku uliyoacha, aina ya kazi na mahali ulipokuwa ukiifanyia. Anayekunyima kwa makusudi au kwa uzembe, au anayetia uongo ndani yake, ametenda kosa linaloweza kumpeleka kwenye faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Haijalishi mliachana kwa wema au kwa ugomvi.

Lakini elewa mpaka wake. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kukupa barua ya sifa wala kueleza tabia na utendaji wako. Cheti ni haki yako, sifa ni hisani yake. Nimewaona watu wakienda kugombana na bosi wa zamani kwa sababu amekataa kuwasifu, kisha wanarudi bila sifa na bila cheti. Ombeni cheti kwanza, kwa maandishi, kwa lugha ya upole. Kikikawia bila sababu, ofisi ya leba ipo, na kwenda kuuliza haki yako si ugomvi.

Na ikiwa bosi mwenyewe hayupo tena wala kampuni haipo, karatasi zitakusemea. Taarifa ya michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonyesha ni mwajiri gani aliyekuchangia na kwa miezi gani. Fomu ya P9 ya kila mwaka inaonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, ikiwa na jina la aliyekulipa. Stakabadhi za mshahara, mkataba, barua ya kuajiriwa, hata pasi ya zamani ya kuingilia bandarini yenye jina la kampuni: usitupe. Mimi nikiona mwombaji amefunga nyaraka hizo pamoja kwa mpangilio, ile simu isiyopokewa inapungua uzito. Karatasi haitaniambia kama una bidii, lakini itaniambia husemi uongo kuhusu ulikokuwa, na hilo ndilo la kwanza ninalolitafuta.

Bidii yako itasemwa na watu wengine. Mrejelewa si lazima awe mwenye kampuni. Msimamizi wako wa zamu, mhasibu uliyekuwa ukimpelekea hesabu, mteja uliyemhudumia muda mrefu, dereva mkuu, mpishi mkuu, wote wanafaa, maadamu walikuona ukifanya kazi. Kwa uzoefu wangu hao huzungumza vizuri kuliko wakurugenzi, kwa sababu wanakumbuka. Mkurugenzi aliyekuwa na wafanyakazi wengi hulazimika kwanza kukumbushwa wewe ni nani. Na wenzetu wa vibarua, wanaopakua magunia Shimanzi au kushika zamu za siku moja moja hotelini, ambao hawana cheti wala P9: nyapara aliyekuita kazini mara kwa mara ni shahidi mzuri. Mwombe namba yake na ruhusa yake.

Mkumbushe kabla hajapigiwa. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mzee. Nimeomba kazi ya karani wa stoo katika kampuni moja ya Changamwe, huenda wakakupigia wiki hii. Nilikuwa kwako kuanzia 2016 hadi 2019, upande wa nyaraka. Nashukuru sana." Umemkumbusha miaka, umemtajia kazi, na namba ngeni ikiingia ataipokea. Kwa mwajiri pia, andika saa ambazo mtu wako anapatikana. Sisi tunapojua kwamba mzee fulani Ijumaa adhuhuri yuko msikitini, au kwamba mwezi wa Ramadhani hufunga ofisi mapema, hatumhesabii kwamba hapokei simu.

Kama unajua kuna mtu atakusema vibaya, usimwandike, lakini usinyamaze pia. Mji huu ni mdogo. Ukitaja kampuni uliyofanya kazi, aliyeko mbele yako huenda ana shemeji pale, na atauliza bila kukuaga. Tangulia wewe. Sema kwa sentensi mbili au tatu, "Niliondoka pale baada ya kutoelewana na meneja kuhusu malipo ya saa za ziada. Cheti changu cha utumishi hiki hapa, na aliyekuwa msimamizi wangu wa kila siku yuko tayari kuzungumza nanyi." Kisha nyamaza. Usimseme meneja huyo. Nikimsikia mwombaji akimchambua bosi wa zamani kwa robo saa, naanza kuhofia siku atakayoondoka kwetu.

Kuna jambo linaloenea na linanisikitisha: kumweka binamu au rafiki apokee simu akijifanya meneja. Najua njaa inaweza kumfikisha mtu huko, na simhukumu mwenye njaa. Lakini tunauliza maswali. Nitauliza ofisi ilikuwa mtaa gani, makasha mliyatoa kituo kipi, nani alikuwa akitia sahihi hundi. Binamu ataanza kukwama, na wewe uliyekuwa na ujuzi wa kweli utaondolewa kwa uongo ambao hukuuhitaji.

Ukikosa kazi na ukashuku kwamba ulichomewa, uliza. Mwandikie mwajiri kwa heshima kwamba ungependa kujua kama kulikuwa na tatizo upande wa warejelewa. Wengine watakujibu. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba kuona taarifa zinazokuhusu ambazo mtu amezihifadhi, na kutaka zile za uongo zirekebishwe. Ukipuuzwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Siwashauri wengi kuanzia hapo, maana mwajiri ambaye bado unamhitaji utamkaza shingo. Lakini kama uongo ule ule unakufuata kila unakokwenda, usiuvumilie.

Na wewe ambaye bado uko kazini leo, hata kama huna nia ya kuondoka, andika namba binafsi za watu wawili au watatu wanaoijua kazi yako, si namba ya ofisi. Siku ya kuondoka, kabla hujarudisha funguo na kitambulisho cha kampuni, uwe na cheti chako mkononi. Wakikwambia kitakuwa tayari wiki ijayo, wape barua ya kukiomba, wakugongee muhuri kwenye nakala yako, na uondoke nayo.