Injini ikizima kati ya Unguja na Pemba

Tangu niseme hapa kwamba nimestaafu ufundi wa ndege ndogo, haipiti wiki sijaletewa maswali ya khofu ya kuruka. Leo nijibu matano.

Ndege ya injini moja ikizimikiwa hewani, si inaanguka kama jiwe? (Msomaji, Chake Chake)

La. Kinachoibeba ni mbawa, na mbawa hufanya kazi maadamu ndege ina mwendo. Rubani huinamisha pua kidogo, ndege ikashuka kama baiskeli inayoteremka kilima bila kupigwa pedeli. Cessna 172, ile ya watu wanne, kila futi 1,000 za kimo huipa kama kilomita mbili na nusu za kwenda mbele. Ukiwa futi 6,000 una kilomita 15 hivi za kutafuta pa kutua. Unguja lipo bonde la mpunga la Cheju, upo na ufukwe wa mashariki maji yakishatoka. Pemba ni vilima na mikarafuu. Huko ningeomba niwe karibu na uwanja. Mkondo wa bahari kati ya visiwa hivi una upana wa kilomita 50 hivi, kwa hiyo ukiwa katikati yake kwa kimo hicho hufiki ng'ambo wala hurudi. Ni majini.

Fundi ana leseni, ana vitabu, anakosea vipi? (Mwanafunzi, Jang'ombe)

Kwa kukatizwa, mwanangu. Siku moja nilikuwa nabadilisha chujio la oili. Nati nimeishika kwa mkono tu, bado kuikaza kwa spana ya kipimo na kuitia waya wa usalama, mkubwa wangu akaniita tukasukume ndege nyingine nje, abiria wanasubiri. Niliporudi, mkono wenyewe ukaokota bisibisi ukaanza kufunga kifuniko cha injini. Mwenzangu akapenyeza tochi: "Waya uko wapi?"

Waya ule ni mwembamba, nyuzi mbili zilizosokotwa, unatoka kwenye nati kwenda tundu la jirani, nao hufungwa ukivuta upande wa kukaza, ili nati ikitaka kulegea izuiwe. Bila huo, mtikisiko ungeilegeza kidogo kidogo, oili ikavuja, na injini iliyokauka oili haina muda mrefu. Tangu hapo nikiitwa nafunga kitambaa chekundu nilipoachia, hata aliyeniita awe meneja.

Wakubwa nao hukosea. Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kiling'oka hewani juu ya Uingereza, rubani akavutwa nusu ya mwili nje, wahudumu wakamshika miguu. Msaidizi wake akatua Southampton na rubani akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku, na bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Fundi alizilinganisha kwa macho na zile za zamani, na zile za zamani nazo hazikuwa sahihi! Wengi humlaumu fundi. Mimi natazama pia utaratibu uliomwacha, naye ndiye msimamizi wa zamu, afanye kazi ile alfajiri, peke yake, bila wa kumkagua.

Rubani akisema tunatua majini, nijaze upepo jaketi mapema? (Bi mkubwa, Wete)

Vaa, lakini usijaze ukiwa ndani ya ndege, mama yangu. Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopia, iliyotekwa nyara ikaishiwa mafuta, ilitua baharini karibu kabisa na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Waliokuwemo ni 175, wakafa 125. Baadhi walikuwa wameshajaza jaketi. Maji yalipoingia yakawainua hadi darini wasiweze kupiga mbizi kutafuta mlango. Vuta kamba ya kulijaza ukishatoka.

Niliona oili imechirizika ubavuni mwa injini, nikaona haya kusema. (Mfanyabiashara, Darajani)

Haya ya nini? Mwambie rubani kabla milango haijafungwa, umwoneshe kwa kidole. Pengine ni oili iliyomwagika wakati wa kujaza na haikupanguswa. Lakini atashuka atazame kifuniko cha oili kama kimekaa, na hiyo ni dakika moja.

Mbona nilipimwa na mkoba wangu kama gunia la karafuu? (Msomaji, Mkoani)

Kwa sababu kwenye ndege ndogo kilo 20 zikikaa nyuma badala ya mbele, rubani anazihisi mkononi. Na ule mfuko wa maembe uliouficha chini ya kiti nao ulikuwa na uzito.