Sukari Imeshuka, Presha Je?

Msomaji mmoja kaniandikia kwa hasira. Kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu kimetoka kizuri, akategemea kupunguziwa dawa, badala yake daktari kamwongezea kidonge cha presha. "Mimi naumwa kisukari, presha imetoka wapi?"

Ndugu yangu, hayo ni mapacha. Kisukari cha aina ya pili hukakamaza mishipa na kuchosha figo. Figo zikichoka hubakiza chumvi na maji mwilini, presha inapanda, kisha presha inaziumiza figo zilezile. UKPDS, utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, ulionyesha mwaka 1998 kuwa wenye kisukari waliobanwa zaidi presha walipungukiwa kiharusi kwa 44%. Hao wastani wao ulikuwa 144/82, yaani namba ya juu na ya chini ya presha. Siku hizi wengi wetu tunaambiwa tushuke chini ya 130/80.

Mimi niliwahi kudhalilishwa kwa ajili ya presha. Muuguzi alinifunga mkanda wa kupimia juu ya shati la mikono mirefu, nimetoka kupanda ngazi, pumzi bado iko juu, huku ananihoji. Mashine ikasoma 168 namba ya juu. Akanipayukia mbele za watu: "Wewe dawa hunywi!" Nilikuwa nazinywa zote. Mpaka leo yananiuma.

Nikanunua mashine yangu, nikawa napima asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Daktari alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Dawa niliyokuwa natumia ilinikohoza usiku kucha, akanibadilishia ya kundi jingine inayolinda figo vilevile. Majuzi mkojo wangu haukuonyesha protini, ile dalili ya figo kuumia. Najivuna, ndiyo, na nina haki.

Basi pimeni, jamani! Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Mkojo ukikubana, nenda kwanza. Chumvi punguza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki mnazomeza ovyo zinapandisha presha na kuumiza figo. Ukisimama ukapata kizunguzungu, mwambie daktari akupime umesimama. Na wewe uliyeacha dawa kwa kuwa kichwa hakiumi, presha haina adabu ya kupiga hodi.

Nawe msomaji uliyeniandikia, kidonge hicho usikitupe. Muulize daktari kama ni cha kulinda figo, na kipimo cha protini kwenye mkojo ukidai kila mwaka. Dada zangu wenye mimba au mnaoitafuta, semeni mapema: dawa nyingi za kulinda figo hazimfai mtoto aliye tumboni, na zipo nyingine za presha mtakazopewa.