Darasa la tatu, zamu, na sasa funguo za stoo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ni mwaka wangu wa kwanza kazini, shule ya msingi huku Mbagala. Nina darasa la tatu, nina zamu, na sasa nimekabidhiwa stoo ya vitabu. Hii nayo ni kazi yangu kweli?
Mwalimu mpya, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni yako. Zamu utaizoea: wahi kabla ya kengele, kagua vyoo na maji, jaza kitabu cha zamu siku hiyohiyo.

Stoo ndiyo inayonitia hofu. Usisaini makabidhiano kabla ya kuhesabu kitabu kwa kitabu, aliyekutangulia akiwepo, na mwalimu mkuu pia. Mimi nilisaini kwa heshima tu, nikiwa kijana kama wewe. Vitabu vya hisabati vilipopungua, niliulizwa mimi, na nililia. Tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016, shule za serikali zinategemea ruzuku. Kitabu kikipotea, watoto wanabanana kwenye kilichobaki. Kila kinachotoka kiingie kwenye leja, na anayekichukua asaini, hata awe rafiki yako.

Zamu na stoo zikigongana wiki moja, liseme kwenye kikao cha walimu mapema, mpangiwe upya.