Mabata wangu wanaogelea na bata pori, nifanyeje kuhusu mafua ya ndege?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Nguruka, Kigoma, nafuga kuku wa kienyeji na mabata. Mabata mchana wanashuka bondeni kwenye maji, bata pori wakija wanachanganyika nao, jioni wanarudi kulala banda moja na kuku. Kuku nimewachanja kideri (Newcastle), je hiyo inazuia na mafua ya ndege? Na nikiona dalili niwape OTC, ile antibiotiki ya oxytetracycline?

JIBU: Marahaba ndugu. Chanjo ya kideri haizuii mafua ya ndege, ni virusi tofauti kabisa, ila usiache kuchanja, ile ya tone la jicho rudia kila miezi 3 maana kideri ndo kinaua kuku wengi huku kwetu, na kuku wasiochanjwa wakianza kufa hata mtaalamu kwa macho hawezi kujua ni kipi mpaka maabara.

Sasa hao mabata ndo wananipa wasiwasi. Huko kwenu bonde la mto Malagarasi linapokea ndege wengi wanaohama kutoka Ulaya na Asia, wanaanza kuingia kama mwezi wa 9 wanaondoka mwezi wa 3 au wa 4. Bata anaweza kubeba virusi asionyeshe chochote, anakula, anaogelea, anataga, huku kinyesi chake kimejaa virusi, na kwenye maji ya baridi virusi vinakaa siku nyingi. Jioni huyo huyo anaingia bandani anatumbukiza mdomo kwenye sufuria ya maji ya kuku, basi imeisha, kuku hana uvumilivu wa bata, anaweza kulala mzima asubuhi umkute amekufa.

Kwahiyo kitu cha kwanza, kabla hujanunua dawa yoyote, tenganisha. Mabata wapate uzio wao na karai kubwa la maji ya kisima, wataogelea humo humo, najua watapiga kelele siku za mwanzo lakini watazoea. Kuku usiwachotee maji ya bondeni, kama huna mengine chemsha kwanza. Pumba usimwage chini nje, ndege wa porini watakuja kula nao. Weka ndala za bandani tu, ukitoka shambani au mnadani usiingie na viatu vile vile, na vyombo osha kwa sabuni kwanza uchafu utoke ndo upitishe jiki, ukimwaga jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kuku wa mnadani mtenge wiki 2.

OTC hapana. Ni dawa ya bakteria, virusi haiviui, utapoteza hela na muda.

Ukiona vifo vya ghafla vingi kwa pamoja, kichwa kimevimba, upanga na ndevu zimekuwa za bluu, miguu ina madoa ya damu, usichinje haraka haraka kuokoa nyama na usimuuzie mtu, tafadhali sana, maana kuchinja na kunyonyoa ndo kunakomrushia binadamu virusi. Watoto wasisogee. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, mizoga usitupe mtoni, funika mbwa wasiburute mpaka achukue sampuli, halafu mtafukia shimo refu na chokaa.

Mayai na nyama ya kuku wazima endelea kula, ila viive kabisa.