Mwanangu anaogopa Idi: nikibaki naye nyumbani nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mimi ni mama wa hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Nina mtoto wa kiume wa miaka 8. Umati na spika humtia hofu: huziba masikio, hushikwa na tumbo, akizidiwa hupiga makelele na kujitupa chini. Idi iliyopita ilibidi tuondoke kabla ya swala, na watu walisema. Mavyaa wangu ataka tuzunguke nyumba zote za ukoo siku ileile. Asema nikipunguza nimekata udugu, na kwamba mtoto ni deko tu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. La, mama, huna dhambi. Katika madhehebu yetu ya Shafii swala ya Idi ni sunna iliyotiliwa mkazo, si faradhi ya kila mtu, na yafaa kuswaliwa nyumbani hata na mtu peke yake. Ni rakaa 2: ya kwanza takbira 7 baada ya ile ya kuhirimia, ya pili takbira 5 kabla ya kusoma. Aswaliye peke yake hana hutuba. Wakati wake ni tangu jua lipande kiasi cha mkuki, yaani kama dakika 15 au 20 baada ya kuchomoza, mpaka adhuhuri. Kwa hivyo mumeo aweza kwenda msikitini, akirudi ashike mtoto, nawe ukaswali kwa utulivu.

Lakini sikushauri umfungie ndani kila Idi. Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake watolewe kwenda kwenye Idi, hata walio hedhini, wakae kando ya mahali pa kuswalia. Na hofu ya mtoto hukua kila akiepushwa moja kwa moja na kitu anachokiogopa. Kinachofaa ni kidogo kidogo. Siku mbili tatu kabla, baada ya Alasiri, mpeleke mahali pa swala pakiwa patupu, mwonyeshe mtakapokaa: ukingoni, karibu na njia ya kutokea, mbali na spika. Siku yenyewe swalini rakaa mbili muondoke. Kukaa kusikiliza hutuba ya Idi ni sunna, na swala haiharibiki ukiondoka. Mtume alikuwa akenda njia moja na kurudi njia nyingine siku ya Idi, basi rudini kwa kichochoro kisicho na watu wala punda wengi.

Matatizo mengi ya asubuhi hiyo huanza usiku wa Ramadhani. Mtoto amezoea kukesha mpaka tarawehe ziishe, pengine mpaka daku, kisha alale mchana. Ghafla aamshwa alfajiri, avishwa kanzu mpya yenye wanga shingoni, na kwa haraka hakuna aliyemlisha. Kumi la mwisho likianza, mlaze mapema zaidi kwa nusu saa kila usiku. Kanzu ifue mara mbili, aivae nyumbani kabla. Na kabla ya kutoka ale tende kwa witri, 3 au 5; hiyo ni sunna ya Idi ya Mfunguo Mosi, na tumbo lenye kitu hustahimili zaidi.

Tena kuna mwezi. Mtoto mwenye hofu hutulia akijua kesho kuna nini, nasi jioni ya siku ya 29 hatujui. Mchoree karatasi mbili: mwezi ukiandama tutafanya hivi, usipoandama tutafanya hivi. Msimhadae kamwe kwa kumwambia “twende dukani” kisha mkampeleka kwenye umati. Kuna mama aliyemwita mwanawe aje ampe kitu, Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia, lau usingempa kitu ungeandikiwa uwongo. Na mtoto wa namna hii akidanganywa mara moja, mwaka wa pili hatoki kabisa.

Kuhusu udugu: kuunga kizazi ni wajibu, lakini sheria haikuufunga kwenye siku moja wala kwenye idadi ya nyumba. Siku ya kwanza nendeni nyumba mbili, asubuhi, dakika 20 kila moja; zilizobaki zigawe juma zima, au nenda wewe naye abaki na baba yake. Mavyaa wako mwambieni mapema, na mwenye kumwambia awe mwanawe, si wewe. Mtoto asilazimishwe kubusu mikono wala kukumbatiwa. Salamu ya mdomo yatosha, na mkono wa Idi apewe bila kufanyiwa masharti.

Akizidiwa, mtoe nje upesi, maneno machache, maji, kivulini. Usimuulize maswali, usimpige, na siku hiyo usimrudishe palepale. Kumpiga huongeza hofu, kwa sababu sasa ana vitu viwili vya kuogopa. Mtume alipokuwa akiswalisha na kusikia mtoto analia, alifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Wanaokusema walikumbuke hilo.

Wengine watakwambia ni pepo. Msomee Fatiha na Muawwidhatein, yaani sura za Falaq na Nas, ni kheri. Mtume alikuwa akiwakinga Hassan na Hussein kwa dua. Lakini maumivu ya tumbo na kukosa usingizi yakiendelea hata baada ya Idi, mpeleke kwa daktari, uanzie hospitali ya King Fahd. Kutafuta dawa ni katika sunna.

Bibi Aisha alitazama Wahabeshi wakicheza siku ya Idi, Mtume akimsitiri, akasimama mpaka yeye Aisha alipotosheka. Kipimo kilikuwa chake yule mdogo. Wallahu aalam.