Kabla ya Kuingia Nyumba ya Mfuko Mmoja, Omba Kuona Daftari

Kila Ramadhani inapokaribia huwa naulizwa na watu, wengi wao vijana wenye kazi za kueleweka Dar es Salaam, namna ya kuja kuishi na sisi hapa Bagamoyo. Wamesikia kuna nyumba wanamoishi watu wasio ndugu wa damu, Waislamu na Wakristo, ambao mapato yao yanaingia mfuko mmoja na ambao hukaa kimya pamoja alfajiri kabla ya kila mtu kushika njia yake. Swali la kwanza karibu kila mara ni la huo ukimya. Mnakaa muda gani? Mnafumba macho? Mnataja nini moyoni? Ni maswali mazuri na nitayajibu, lakini anayetaka maisha haya namshauri aanze kuuliza habari za pesa, kwa sababu huko ndiko jumuiya za namna hii zinakoponea au kufia.

Wengi wanaouliza wamechoka. Wamechoka mkopo wa gari, michango ya harusi isiyoisha, simu inayotakiwa kubadilishwa kila toleo jipya likitoka. Nawaelewa sana. Ila kuchoshwa na vitu ni jambo moja, kuvikinai ni jingine. Mtu akigawa nguo zake zote kwa hasira ya kuchoka, mshahara ukiingia mwisho wa mwezi yuko Kariakoo. Na ufukara peke yake haumfanyi mtu kuwa zahidi, yaani mtu aliyeikinai dunia. Mwenye kanga mbili anaweza kuzing'ang'ania kuliko tajiri anavyong'ang'ania magari yake, na hana kosa, maana akipoteza moja hana nyingine. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alipoacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 aligawa mali yake, lakini alibakiza ya kumtosha mwenyewe na ya kuwalisha watoto wake. Hilo la watoto watu hulisahau wanapomsimulia.

Bagamoyo si mgeni wa mambo haya. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakajenga misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na maisha yao wenyewe yalikuwa ya kitawa: mali ni ya shirika, meza ni moja, sala ni kwa kengele. Urithi wetu mwingine ni wa Qadiriyya, tarika (njia ya Kisufi katika Uislamu) inayorudi mpaka kwa Sheikh Abdulqadir Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Hapa mjini ilishamirishwa na Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa mwanachuoni wa kutegemewa mpaka alipofariki mwaka 1931. Watu wa tarika wanaoa, wanalima, wanavua. Usiku wa dhikri, wa kumtaja Mungu kwa pamoja, wanasimama duara moja, pumzi moja, mwenye duka na mchukuzi bega kwa bega. Babu yangu alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo mtu akiniambia kutafakari kwa pamoja ni mambo ya wageni wa hotelini, namwalika aje Maulidi ya Bagamoyo ajionee.

Sasa pesa. Kwetu kuna kaunta buku moja linalokaa juu ya kabati la vyombo, si chumbani kwa mtu. Lina safu nne: tarehe, aliyeleta, kilichonunuliwa, salio. Kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku mmoja wetu analisoma kwa sauti, na msomaji hubadilika kila wiki ili asiwepo mtu anayejua hesabu kuliko wenzake. Inasomwa luku, unasomwa mtungi wa gesi, unasomwa mchele, inasomwa mpaka vocha. Mgeni huona aibu mara za kwanza. Hajaiba kitu, ila hajazoea watu wasikie kwamba wiki hii yeye kaleta elfu kumi na mwenzake kaleta laki. Aibu ile ndiyo kazi yenyewe. Inachukua miezi kuisha, na wakati inaisha, majivuno ya yule aliyeleta laki nayo huwa yamepungua, kwa sababu wote wamekula ubwabwa wa sufuria moja.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia karne ya 6 na inayofuatwa mpaka leo na Wabenediktini, wakiwemo wa Ndanda na Peramiho kusini mwa nchi yetu, inamkataza mtawa kumiliki chochote, hata kalamu. Lakini inamwagiza mkuu wa monasteri ampe kila mmoja anachohitaji, na inavitaja vitu kwa majina: viatu, mkanda, kisu, kalamu, sindano, leso. Sindano ilinigusa. Aliyeandika utaratibu wa kuiacha dunia alikumbuka kwamba nguo huchanika.

Jambo hilo tulilielewa vizuri alipokuja fundi mmoja wa milango ya nakshi. Alikuja na patasi zake zimeviringishwa kwenye kipande cha turubai, kila moja na mpini aliouchonga mwenyewe. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema sasa hizi ni za nyumba, mwenye haja atatumia. Fundi hakubisha. Aliziviringisha tena taratibu, akazisogeza karibu na mguu wake. Wiki haikwisha, patasi moja ilitumika kufungulia kopo la rangi, makali yakamegeka. Tukakaa, tukakubaliana: chombo cha kazi kinabaki na mkono unaokijua, na pesa ya mlango ndiyo inayoingia mfukoni. Tangu hapo fundi yule ndiye anayeleta fedha yake bila kukumbushwa.

Mtaji nao ni vivyo hivyo. Dada yetu mmoja hununua samaki mnadani ufukweni, anawakaanga, anawauza jioni. Ukimwambia aweke pesa yote mfukoni, kesho mnadani ataenda na nini? Tenganisheni mtaji na faida tangu siku ya kwanza, na mtaji usiguswe hata mkiishiwa unga. Bora mkakope dukani. Nimeshaona vikundi vya watu wema vikivunjika kwa kula mtaji wa mwenzao huku wakiita huo ndio upendo.

Kuna pesa nyingine ambayo vijana huiona aibu kuitaja, nayo ni ya nyumbani. Una mdogo wako sekondari, una mama anayesubiri chochote mwisho wa mwezi. Jumuiya ikikwambia kuacha mali ni kuacha na hao, usiingie. Kwetu mtu anasema mapema kiasi anachotuma kwao, kinaandikwa daftarini kama matumizi mengine, na hakijadiliwi. Hatulingani. Tunaye mzee mwenye kisukari ambaye chakula chake na dawa zake ni ghali kuliko vya yeyote kati yetu. Kanuni ile ya Benedikto ilishasema habari hiyo: kila mtu apewe kadiri ya haja yake, mwenye haja ndogo amshukuru Mungu asisononeke, mwenye haja kubwa anyenyekee asijione.

Nije kwenye ukimya. Wanaoswali wakisharudi msikitini alfajiri, na Wakristo wakiwa wamemaliza sala zao, tunakaa sebuleni juu ya mikeka kwa kama nusu saa. Hatuchanganyi dini. Anayemtaja Mola wake anamtaja kimoyomoyo, anayefuata pumzi anafuata pumzi. Simu hazimo. Dada wa samaki hayumo pia, maana saa hiyo mashua zinaingia. Yeye na wengine wawili hukaa baada ya magharibi, na hesabu yao ni sawa na yetu.

Dakika za mwanzo ni mbu, jogoo, bodaboda ya mtu anayewahi abiria, na madeni yanayojihesabu yenyewe kichwani. Ungekuwa peke yako ungeinuka ukachemshe chai. Unabaki kwa sababu wa kulia kwako amebaki, naye pengine amebaki kwa ajili yako. Halafu pumzi za watu zinaanza kukaribiana bila mtu kuamrisha. Nimewahi kukaa pale nikiwa nimemkasirikia mwenzangu kwa zamu ya vyombo, sufuria limelala na ukoko usiku mzima. Nilipoinuka hasira bado ilikuwepo, lakini ilikuwa imeacha kunisukuma, nikaweza kumwambia kwa maneno ya kawaida. Hicho ndicho ninachoweza kukuahidi kuhusu kukaa kimya pamoja. Hakuleti mali na hakuondoi matatizo. Kunawapa watu wanaogawana mfuko na jiko moja nafasi ya kutogombana kila siku, na bila nafasi hiyo hata daftari safi haliwezi kuwaokoa.

Mkianza, anzeni na muda mfupi, saa ileile, mtu mmoja wa kuangalia saa. Na jambo moja nawasihi mlishike kwa nguvu zote: msisimuliane mlichokiona au kukihisi. Mkianza kusimuliana, baada ya muda atapatikana mmoja mwenye maono makubwa kuliko wengine, na huyo ndiye atakayewatawala.

Wenzetu wa mbali wana ya kutufundisha. Plum Village kule Ufaransa, jumuiya ya Kibudha iliyoanzishwa mwaka 1982 na mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, kengele ikilia kila mtu husimamisha anachofanya na kuvuta pumzi. Sisi tumekubaliana adhana ikisikika kisu kinawekwa chini na maneno yanasita mpaka iishe, na Wakristo wetu ndio wanaolishika zaidi. Kozi za Vipassana, namna ya kutafakari ya Kibudha, zilizoenezwa na mwalimu S. N. Goenka ni za siku 10: watu wanaamka saa 10 alfajiri, hawasemi, simu zinawekwa kando. Hazina ada, na mchango haupokelewi kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza kozi. Shika kipimo hicho. Anayetaka pesa yako kabla hujakaa naye, mwache. Ila kimya kirefu namna ile si cha kila mtu. Aliyefiwa juzi, asiyelala usiku, mwenye maradhi ya akili, aende hospitali kwanza, na sisi humwambia hivyo waziwazi.

La mwisho ni mlango, wa kuingilia na wa kutokea, nalo ni zito. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Mungu. Wengi walianza kwa kuacha kazi na kuachana na mali, jambo ambalo kwa maneno matupu linafanana na hili ninaloandika hapa. Kwa hiyo sitaki uniamini kwa maneno. Benedikto aliagiza mgeni asipokewe kirahisi, asomewe kanuni mara kadhaa katika mwaka mzima, na hata akishaapa, nguo alizokuja nazo zitunzwe stoo, ili siku akiamua kuondoka azivae aende zake. Dini iliyo na uhakika na njia yake inakutunzia nguo za kuondokea. Hata historia ya hapa inatuonya: waliokombolewa utumwani wakawekwa kijiji cha misheni walilima kwa kengele na sheria ambazo hawakuzitunga wao, na wazee wetu waliohamishwa kwa nguvu wakati wa operesheni vijiji miaka ya 1970 hawadanganyiki na maneno ya mali ya pamoja. Shaka yao isikilizwe.

Basi usiuze kiwanja. Usiache kazi, omba likizo uje ukae, kisha rudi, kisha uje tena. Godoro lako, jiko lako na kabati lako mwachie ndugu kwa mwaka mzima. Sisi hatupokei hati, hatupokei kadi ya benki, na anayeondoka huondoka na vifaa vyake na mtaji wake bila kuitwa kikao. Nyumba yoyote utakayokwenda, iwe yetu au nyingine, ulizia waliowahi kuondoka na uzungumze nao. Wakikunyima majina yao, umeshapata jibu. Uliza pia kama mwenyekiti wa mtaa anawafahamu. Wetu tulimwendea kabla hatujahamia, kwa sababu watu wazima wasio na undugu wakiishi nyumba moja majirani wana haki ya kuuliza.

Na usije kwa siri. Mwambie mama, au shangazi, au yeyote aliyekulea, kisha uje naye alale siku mbili chumba cha wanawake aulize atakalo. Mama mmoja kutoka Muheza alikagua mpaka choo, akanusa maji ya mtungi, akatazama vyandarua kama vina matundu, akamhoji kila mmoja wetu anatoka kwa nani. Ijumaa usiku aliomba daftari akalisoma mwenyewe kwa miwani yake, akatuuliza kwa nini mkaa wa wiki ile ulikuwa mwingi hivyo. Tukamweleza kulikuwa na wageni wa msiba. Aliporidhika ndipo binti yake akahamia, na tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba asiporidhika, binti anarudi naye.